Mfungulieni Ndama Hewa

Mnyarwanda akitaka kumtakia mwenziwe heri humwambia "Gira inka", maana yake, "Uwe na ng'ombe". Na wazee wakikutana njiani, mmoja husema "Amashyo", mwenziwe hujibu "Amashongore": wa kwanza amemtakia makundi ya ng'ombe, na wa pili amemrudishia kwa kumtakia makundi ya majike. Wageni huona ajabu kusikia watu wakisalimiana kwa ng'ombe. Lakini ndivyo tulivyo, na jina la mpango wa Girinka latokana na maneno hayo hayo ya kwanza.

Mpango huo ulianza mwaka 2006, na shabaha yake ni kuipatia nyumba maskini ng'ombe mmoja. Ng'ombe waliokwisha kugawiwa wamezidi 400,000. Sharti lake kubwa hata mtoto mdogo alijua. Aliyepewa ng'ombe hunywa maziwa, huuza yanayobaki, hupeleka samadi shambani. Lakini ndama jike wa kwanza si wake. Atamlea, kisha atampa jirani mwingine maskini, na jirani yule naye atafanya vivyo hivyo. Jambo hilo twaliita kwitura, yaani kumlipa mtu wema kwa wema.

Basi, ndugu msomaji, fikiri kidogo. Ndama jike wa kwanza anayelala bandani kwa mtu usiku huu ni mali ya mtu mwingine tayari, ingawa mtu huyo hajamtia mkononi. Akifa, hasara haikai katika nyumba moja. Aliyemlea amebaki na deni, aliyekuwa akingoja amebaki akingoja, na yule ambaye angepokea kutoka kwa huyo wa pili hata hajui kwamba zamu yake imesogezwa mbele. Kwa sababu hiyo naona ya kwamba namna ya kulea ndama si shauri la mwenye banda peke yake, na mtu asinikasirikie nikisema juu ya ng'ombe asiye wangu.

Mimi natoka upande wa Gishwati, katika vilima vinavyopita mita 2,000 juu ya bahari. Huko ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, na katika mvua za Machi mpaka Mei nguo zaweza kutundikwa siku tatu zisikauke. Ndama akifa kwetu akiwa na majuma matatu au miezi miwili, akiwa amekohoa na kuhema, watu husema neno moja tu: "Ameuawa na baridi." Wakisha kusema hivyo huona shauri limekwisha, kwa kuwa nani atakayeshitaki baridi? Mimi neno hilo silikubali. Nasema ya kwamba wengi wa ndama hao wameuawa na nimonia, na nimonia hiyo mara nyingi sisi wenyewe tumeiandalia mahali pa kukaa kwa kumfungia ndama hewa, kumlaza penye maji, na kumnyima maziwa yake. Baridi ina sehemu yake, lakini ni sehemu ndogo kuliko tunavyoisingizia.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, mama mmoja jirani yetu, mjane, alizaliwa ndama jike. Ng'ombe wake alikuwa wa Girinka, na huyo ndiye ndama wa kwanza. Hapana mtu angeweza kusema kwamba mama huyo alikuwa mzembe. Alimpenda ndama kama mtoto. Mvua zilipozidi alichukua magunia na turubai akaziba banda pande zote, juu na chini, hata mwanya wa kupitisha kidole haukubaki. Nilipotumwa asubuhi moja kumsaidia kutoa samadi, nilipofungua mlango macho yaliniwasha mpaka yakatoa machozi. Ndani mlikuwa na joto, kweli, na matone ya maji yalining'inia kwenye mabati kama umande. Ndama alikuwa amelala, masikio yameanguka, ute mzito puani, na mbavu zake zilikwenda mbio kama za mtu aliyepanda kilima. Bwana mifugo alikuja siku ya tatu, akachoma sindano. Ndama alikufa akiwa na majuma matano.

Ng'ambo ya bonde palikuwa na baba mwenye watoto watano ambaye jina lake ndilo lililofuata katika orodha. Alikwisha kujenga banda, alikwisha kupanda mabingobingo. Majani yale yalikua mpaka yakapita kimo cha mtu, yakakomaa yakawa kama miti, na hapakuwa na mnyama wa kuyala.

Sasa tutazame sababu. Vijidudu vya nimonia havitoki mbali. Baadhi yake ni virusi, na baadhi ni bakteria, na vingi vya hao bakteria hukaa puani na kooni mwa ng'ombe wazima bila kuwadhuru. Hungoja. Ndama akidhoofika, virusi hutangulia kuharibu njia ya pumzi, kisha bakteria hushuka mapafuni na kufanya kazi yao. Tena ng'ombe ameumbwa na mapafu madogo ukiyalinganisha na mwili wake, kwa hiyo hana akiba kubwa. Sehemu ndogo ikiharibika, mara anahema.

Katika njia ya pumzi mna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kazi yake ni kufagia uchafu na vijidudu kuvirudisha juu vitoke. Mkojo na samadi vikioza bandani hutoa amonia, ile harufu kali iliyoniwasha macho. Amonia hiyo huharibu vinyweleo hivyo, na ufagio ukivunjika nyumba hujaa taka. Na hewa isiyotoka, yenye unyevu, huvihifadhi vijidudu vilivyokoholewa, ndama avivute tena na tena. Kumbe yule mama alipoziba kila mwanya ili kumkinga ndama, alikuwa akimwekea adui zake ndani na kuwafungia mlango wasitoke.

Ye yote atakaye kujua hali ya banda lake asisimame mlangoni akanusa, kwa sababu mtu mzima pua yake i juu na ya ndama i chini. Na achuchumae, aweke pua yake mahali ndama alazapo pua, akae hivyo kwa muda wa kuhesabu mpaka sitini. Akiona inamwasha, na ajue ndama anakaa humo usiku na mchana. Kisha apige magoti juu ya matandiko kwa muda mfupi. Magoti yakilowa, ndama naye amelowa. Majaribio haya mawili hayana gharama, ila suruali.

Babu yangu nilipomweleza habari hii alicheka sana. Akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe huko shuleni walala dirisha wazi? Basi lala wazi hapa leo, kisha kesho utuambie habari za hewa." Swali lake ni la haki, na nastahili kulijibu, maana wengi wana wazo hilo hilo. Jibu ni kwamba upepo unaompiga ndama mwilini ni kitu kimoja, na hewa inayopita juu yake ni kitu kingine. Ukuta wa chini na uwe mzima, bila tundu, mpaka kimo cha kumzidi ndama aliyesimama, hasa upande ule unaotoka upepo. Lakini kutoka hapo mpaka chini ya paa pawe wazi. Hewa ya joto yenye uchafu hupanda na kutoka kwa juu, hewa safi huingia, na ndama aliyelala hapigwi na upepo. Mvua ya kupeperushwa huzuiwa kwa kulishusha paa nje kidogo, siyo kwa turubai.

Na joto atalipata wapi? Atalipata katika matandiko. Manyasi makavu yawe mengi kiasi kwamba ndama akilala miguu yake haionekani. Hapo amejitengenezea kiota, na joto la mwili wake hukaa naye. Manyasi machache yaliyokanyagwa kwenye tope hayana faida yo yote. Kwetu karibu na volkano mawe meusi yapo kila mahali, watu huyatupa pembeni mwa shamba kama uchafu. Mawe hayo yakivunjwa na kutandazwa chini, kisha manyasi juu yake, mkojo hupita ukaenda zake. Wengine hutengeneza sakafu ya miti iliyoinuliwa kidogo juu ya ardhi, yenye nafasi ndogo kati ya mti na mti, na hiyo pia ni njema, mradi manyasi yawepo juu na miguu isinase.

Babu hakukubali mara moja. Lakini baadaye, bila kuulizwa, alianza kunieleza habari za uruhongore, nami niliona kwamba alikuwa akinisaidia bila kutaka ionekane. Vijana wengi wa shule hawalijui tena neno hili. Uruhongore lilikuwa boma dogo la ndama katika mji wa Mnyarwanda. Ndama hawakulala chini ya miguu ya ng'ombe wakubwa. Walikuwa na mahali pao, walitandikiwa majani, na watoto ndio waliokuwa wakiwatunza. Wazee hawakusoma habari za bakteria, lakini walijua kwamba mtoto wa mnyama hakai katika mkojo wa mama yake. Leo tumejenga mabanda ya kisasa yenye saruji na mabati, na katika mengi ya hayo ndama hana nafasi yake. Hufungwa kwenye kona iliyobaki, pale ambapo mkojo wote huelekea kwa sababu sakafu imeinama upande ule. Tumembadilisha ng'ombe, tumembadilisha na nyumba, lakini ndama tumemsahau katikati.

Na kumbadilisha ng'ombe si jambo dogo. Ndama wa ng'ombe wetu wa zamani, wale wenye pembe ndefu, alimnyonya mama yake mwenyewe. Ndama wa Friesian au wa mchanganyiko mara nyingi huondolewa kwa mama yake na kunyweshwa kwa ndoo, kwa kipimo anachokata mtu. Tangu hapo uzima wake u mikononi mwa mtu mwenye ndoo, na hasa katika siku ya kwanza.

Hapa naomba msomaji asiniharakishe, kwa kuwa jambo hili ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto wa binadamu akizaliwa ana kinga aliyokwisha kuipokea kutoka katika damu ya mama yake alipokuwa tumboni. Ndama hana. Kondo la nyuma la ng'ombe haliipitishi kinga hiyo. Ndama huja duniani mtupu kabisa, na kinga yake yote ya siku za kwanza imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya kwanza, ambayo kwa Kinyarwanda twayaita umuhondo. Lakini matumbo yake huweza kuipokea kinga hiyo na kuiingiza katika damu kwa muda mfupi tu. Katika saa sita za kwanza huipokea vizuri sana. Kisha mlango huzidi kufungwa. Na siku moja ikipita umekwisha kufungwa. Baada ya hapo dang'a ni chakula kizuri, lakini kinga yake haiingii tena katika damu.

Ndama wa kilo 35 au 40 yafaa apate lita tatu mpaka nne za dang'a katika saa hizo za kwanza. Sasa hesabu mwenyewe. Ng'ombe amezaa saa nne usiku. Mwenye nyumba ametoka na taa, ameona ndama amesimama, amemshukuru Mungu, amerudi kulala. Asubuhi saa mbili ndipo anapokamua. Saa kumi zimekwisha kupita. Mwezi ujao ndama yule akikohoa, watasema ni baridi ya mwezi ujao, kumbe alipotea usiku ule wa kwanza. Wengine huacha kazi hii kwa ndama mwenyewe, wakisema atanyonya akitaka. Lakini ndama aliyechoka kwa kuzaliwa, na chuchu za mama zilizo chini sana au zenye tope, huweza kuzunguka usiku kucha asipate hata nusu lita. Ni lazima mtu ahakikishe kwa macho yake, na ikibidi akamue na kumnywesha.

Najua pia ya kwamba nyumbani watu wengi huupenda umuhondo, na watoto huungojea kwa hamu. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ng'ombe wa maziwa hutoa umuhondo kuliko ndama awezavyo kunywa. Ninalosema ni utaratibu tu: ndama kwanza, watoto baadaye.

Baada ya siku za dang'a huja vita vingine, navyo ni vya fedha. Kila asubuhi mtu mwenye baiskeli hupita na vyombo vyake akielekea kituo cha kukusanyia maziwa. Lita inayoingia chomboni mwake ni fedha. Lita inayoingia katika ndoo ya ndama haionekani faida yake mpaka ipite miaka miwili na zaidi. Kwa hiyo ndoo ya ndama hupunguzwa. Leo kikombe, kesho kikombe, mpaka yule aliyestahili lita nne au tano kwa siku anapewa mbili, tena zimetiwa maji. Nilimwambia mama yangu mdogo jambo hili, akanitazama, akasema, "Mwanangu, nikimpa ndama maziwa yote hayo, wewe karo yako nitalipa kwa maneno?"

Sikuwa na jibu jepesi, na hata leo sina. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tumeketi darasani kwa fedha za maziwa. Ndiyo sababu sipendi wale wanaowasema wafugaji maskini kana kwamba wanawatesa ndama kwa ubaya wa moyo. Lakini hesabu ya mama mdogo haina budi iendelezwe mpaka mwisho. Ndama mdogo, chini ya majuma matatu, huanza kusikia baridi joto linaposhuka chini ya digrii 15 hivi, na usiku wa kwetu hushuka mpaka karibu na digrii 10. Ili asipoe huchoma chakula alichokula, kama vile sisi tuchomavyo kuni. Maziwa ndiyo kuni zake. Ukimpa maziwa nusu, moto wake huzimika usiku wa manane, na hana kingine cha kutia, kwa kuwa tumbo lake bado halijui majani. Hapo ndipo baridi inapopata sehemu yake niliyosema. Baridi kwa ndama aliyeshiba, aliyelala pakavu, ni taabu tu. Kwa ndama mwenye njaa aliyelowa ni mauti. Na ndama aliyekufa ana majuma matano amekunywa maziwa yote aliyokunywa bure, pamoja na gharama ya sindano. Hapana maziwa ghali kuliko hayo.

Hata asipokufa hasara ipo. Aliyeugua nimonia sana akapona, mara nyingi hubaki na makovu mapafuni. Hukua polepole, huchelewa kupandwa, huchelewa kuzaa. Jirani anayempokea kwa kwitura atasifu na kushukuru, lakini amepewa mtamba mwenye kifua kibovu, naye atangoja maziwa muda mrefu asijue kwa nini.

Juu ya ndama madume nina neno fupi. Kwa kuwa dume halina deni la kwitura wala halitatoa maziwa, wengi hulitupa pembeni bila dang'a wala matandiko. Dume hilo huugua, na kwa kuwa limefungwa pua kwa pua na jike, humkoholea. Anayemdharau mmoja amewaua wawili. Na ndama aliyenunuliwa sokoni asiingizwe moja kwa moja kati ya wengine. Hakuna ajuaye aliyokutana nayo njiani.

Kuhusu dawa sitasema mengi, maana dawa ina wenyewe. Lakini kuna mambo ambayo hata mwanafunzi aweza kuyajua. Ndama mzima ana joto la digrii 38.5 mpaka 39.5. Likipita hapo, naye hana hamu ya maziwa, masikio yameanguka, anatoa ute au kukohoa, bwana mifugo na aitwe siku hiyo hiyo, siyo siku ya tatu. Antibiotiki hupigana na bakteria, haiwezi kuua virusi, na haiwezi kurudisha pafu lililokwisha kuharibika. Kwa hiyo thamani yake hushuka kila saa ipitayo. Ikianzwa imalizwe kama ilivyoagizwa. Kununua chupa iliyobaki kwa jirani na kumchoma ndama kwa kukisia, leo kidogo na keshokutwa kidogo, ni kuwafundisha bakteria kuizoea dawa. Tena mtu asimwinue ndama kichwa na kummiminia dawa au maziwa kooni kwa nguvu kwa chupa. Yakipotea njia yakaingia mapafuni, mtu ameitengeneza nimonia kwa mkono wake mwenyewe.

Wala si kila kuhema ni ugonjwa huu. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, nayo humfanya ng'ombe ahangaike kwa pumzi, lakini mara nyingi matezi yaliyo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba. Kwa hiyo papasa hapo. Na ule ugonjwa mkubwa unaoitwa homa ya mapafu ya ng'ombe, ambao huenea kundi zima na ambao ni lazima serikali ipashwe habari, ni mwingine kabisa. Majina yakifanana, ndipo kosa la dawa linapoanza. Wenzetu wa Ulaya wanazo hata chanjo za kunyunyizia puani mwa ndama kuzuia baadhi ya virusi, nazo ni vitu vizuri. Lakini hata wao huambiwa na madaktari wao kwamba chanjo hizo haziwezi kuchukua nafasi ya hewa safi bandani.

Basi shauri langu ni hili. Mtu kabla ya kupewa ng'ombe hutazamwa kama ana banda na kama amepanda majani. Vema. Naona na uongezwe mtazamo mmoja: je, ndama atalala wapi? Asiye na mahali pa ndama asinyimwe ng'ombe, lakini na asaidiwe kupajenga kabla ng'ombe hajazaa, kwa kazi ya pamoja ya umuganda au kwa mikono ya yule aliye zamu ya pili, ambaye ana sababu nzuri kuliko wote ya kuja na panga na kamba. Najua watasema maskini hawezi nyumba mbili. Lakini chumba cha ndama mmoja ni mita 1.2 kwa mita 1.8 hivi. Miti michache, manyasi ya paa, mawe ya chini tuliyokwisha kuyataja. Hakuna bati wala saruji. Yule mama jirani yetu alitumia fedha nyingi zaidi kwa turubai.

Na huyo aliye zamu ya pili asingoje mpaka siku ya sherehe ndipo amwone ndama wake. Aruhusiwe, tena ahimizwe, kuja kumtazama tangu usiku wa kuzaliwa. Wengine wataona ni kukosa adabu kuingia katika banda la mtu. Mimi naona ni kukosa adabu zaidi kukaa mbali hali mali yako inakohoa, na mwenye banda, ambaye amechoka na yu peke yake, angefurahi kupata mtu wa kukesha naye usiku ng'ombe anapozaa.

Sisi wanafunzi nasi tuna sehemu. Kuna wenzetu ambao wakifika nyumbani kwa likizo huficha mikono mifukoni wapitapo karibu na banda, wakiogopa harufu isiingie katika sare. Nimemwandikia mwalimu wetu wa sayansi nikiomba chama cha kilimo cha shule kinunue vipimajoto vitano kabla ya likizo ya Agosti, tuvipeleke vilimani kwetu, kila kimoja kwa mtu mmoja atakayejifunza kukitumia. Kipimajoto kimoja chaweza kuhudumia nyumba kumi, mradi kioshwe kwa sabuni kati ya ndama na ndama. Watakaotaka kwenda pamoja nami, waandike majina yao kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa maktaba.